Barua ya wazi kwa Maofisa Elimu wa Mtwara na Lindi kuhusu MAGAZIJUTO

Kwa Maofisa Elimu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, na kupitia kwenu Maofisa Elimu wa Wilaya, Wathibiti Ubora wa Shule na Maofisa Elimu Kata.

Nakala kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, Baraza la Mitihani la Tanzania, na Maofisa Ushirika wa wilaya zetu za korosho.

YAH: KANUNI YA MAGAZIJUTO INAVYOWAPOTOSHA WATOTO KWENYE KUJUMLISHA NA KUTOA

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Newala. Msimu wa korosho ukifunguliwa nakaa mezani kwenye chama cha msingi cha ushirika, naandika uzito unaosomwa kwenye mizani na kupiga hesabu za wakulima. Msimu ukifungwa nauza dukani kwangu. Jioni watoto wa mtaani huja barazani kwangu na madaftari, nami nawaelekeza kadiri ninavyoweza. Kwa hiyo nakutana na hesabu ikiwa ya shule, na nakutana nayo ikiwa pesa za watu, na kuna mahali ambapo hizo mbili zinapishana waziwazi: kwenye MAGAZIJUTO, neno la kukaririsha tendo lipi litangulie kwenye hesabu. Ninawaandikia kwa sababu mahali penyewe panajulikana, panarekebishika, na ninyi ndio wenye mamlaka ya kuparekebisha.

Swali lilikuwa 50 − 20 + 10. Jibu lake ni 40. Binti wa darasa la sita alikuwa ameandika 20, na pembeni pana vema ya wino mwekundu. Nikamuuliza amefikaje hapo. Akanijibu bila kusita: "MAGAZIJUTO, mjomba. JU inatangulia TO." Akanionyesha kwa kidole: 20 na 10 ni 30, kisha 50 kutoa 30 ni 20. Kwa kanuni aliyokaririshwa, hajaruka hatua hata moja.

Nikamwambia afunike daftari. "Una elfu hamsini kwenye simu. Umetoa elfu ishirini kwa wakala. Dada yako akakutumia elfu kumi. Salio lako ni ngapi?"

"Elfu arobaini." Alijibu palepale, wala hakugusa kalamu.

Tukafunua daftari, akaangalia alichoandika, akaangalia ile vema. Kisha akaniuliza: "Sasa kwenye mtihani niandike lipi?"

Waheshimiwa, mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kuulizwa achague kati ya jibu la kweli na jibu linalopewa maksi. Yeye hesabu anaijua. Kilichompoteza ni neno tulilompa limsaidie.

Kwa wasioshika chaki siku nyingi: MAGAZIJUTO ni Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Karibu kila aliyesoma msingi kwa Kiswahili nchini anaweza kuitaja usingizini, na silidharau neno lenyewe. Limefanya kazi kubwa. Limewafundisha watu kwamba 2 + 3 × 4 ni 14 wala si 20, na jambo hilo peke yake linagombanisha watu wazima kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuzidisha kabla ya kujumlisha ni sahihi. Mabano kwanza ni sahihi. Kwa hayo mawili sina ugomvi nalo.

Shida ni kwamba neno limeyapanga matendo manne kwenye nafasi nne, la kwanza, la pili, la tatu, la nne, wakati kanuni yenyewe baada ya mabano ina ngazi mbili tu. Kugawanya na kuzidisha viko ngazi moja. Kujumlisha na kutoa viko ngazi moja. Ndani ya ngazi moja hakuna kinachomtangulia mwenzake kwa cheo. Unaanza kushoto unakwenda kulia, kama unavyosoma sentensi, na kila unachokutana nacho unakifanya kwa zamu yake. Hilo la kushoto kwenda kulia halimo kwenye MAGAZIJUTO. Mwalimu mzuri ataliongeza kwa mdomo. Lakini mtoto atakachokumbuka baada ya miezi sita ni neno, na neno linamwambia JU kwanza.

Naomba mvumilie nieleze hapa kwa kituo, kwa sababu kosa halijatapakaa neno zima. Liko upande mmoja tu.

Chukueni nusu ya kwanza, GA na ZI. Swali ni 36 ÷ 6 × 2. Mtoto anagawanya kwanza, anapata 6, anazidisha kwa 2, anapata 12. Sahihi. Geuzeni: 6 × 8 ÷ 4. Ukienda kushoto kwenda kulia ni 48 ÷ 4, sawa na 12. Ukigawanya kwanza kama neno linavyotaka, 8 ÷ 4 ni 2, mara 6 ni 12. Jibu ni lilelile. Na siyo kwa bahati. Namba mbili zikiwa zinazidishana, ukiigawanya mojawapo kabla ya kuzidisha au ukigawanya jibu baada ya kuzidisha, unafika mahali pamoja. Kwa hiyo mwenye kutanguliza kugawanya hapotei kamwe. Anaweza kujitesa tu: kwenye 6 × 5 ÷ 3 atakwama na 5 ÷ 3 isiyogawanyika, aandike 1.6 au 1.7, azidishe kwa 6 apate 9.6 au 10.2, wakati aliyeanzia kushoto ana 30 ÷ 3 na amemaliza na 10 yake kamili. Hapo kanuni haijasema uongo, imempitisha tu njia ya miiba.

Nusu ya pili, JU na TO, ndiyo yenye ugonjwa. Rudini kwenye 50 − 20 + 10. Ile 10 imeingia. Ina alama ya kujumlisha mbele yake. Mtoto anapoishika pamoja na 20 na kuzitoa zote mbili, ameigeuza pesa iliyoingia kuwa pesa iliyotoka. Ndiyo maana kosa hili lina kipimo kisichobadilika: jibu hupungua kwa mara mbili ya namba iliyojumlishwa. Arobaini ikawa ishirini, pungufu 20, yaani 10 mara mbili. Jaribuni 24 − 8 + 6 − 2. Jibu ni 20. Mwenye kutanguliza kujumlisha atasema 8 na 6 ni 14, 24 kutoa 14 ni 10, kutoa 2 ni 8. Pungufu 12, yaani 6 mara mbili. Mwalimu anayesahihisha rundo la madaftari anaweza kuutumia upungufu huo kama dalili: akiuona, ajue mtoto hakubahatisha wala hakunakili, ameitii JU.

Sasa angalieni jambo ambalo, likionekana mara moja, halisahauliki. Kama kutoa kungetangulizwa kabla ya kujumlisha, kosa hili lisingekuwepo. 50 − 20 kwanza ni 30, ongeza 10 ni 40. Kutanguliza kutoa hakupotezi, kama kutanguliza kugawanya kusivyopoteza. Maana yake waliolitunga neno hili waliiweka nusu ya kwanza upande usio na madhara, na nusu ya pili wakaiweka upande wenye madhara. Mtu atasema basi tuandike MAGAZITOJU tumalize. Nimelifikiria hilo, nikaliacha. Lingepunguza makosa mengi, lakini 5 + 3 − 7 lingemtuma mtoto aanze na 3 − 7 kabla hajafundishwa namba hasi, naye angeandika "haiwezekani" wakati jibu, 1, liko mbele ya macho yake. Tukibadilisha herufi tutakuwa tumehamisha tatizo.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho, na hakigharimu shilingi. Neno libaki, ila liandikwe na kutamkwa kwa vipande vitatu: MA-GAZI-JUTO. Vipande vitatu, ngazi tatu. MA: maliza kazi iliyo ndani ya mabano. GAZI: pita mstari mzima kutoka kushoto, kila ÷ au × unayokutana nayo ifanye. JUTO: rudi mwanzo wa mstari, pita tena kutoka kushoto, kila + au − unayokutana nayo ifanye. Barazani kwangu tunaisoma hivyo, na watoto wadogo kabisa huipiga mistari miwili chini ya swali, mmoja kwa kila safari ya kushoto kwenda kulia. Yule binti niliyemtaja sasa anawasahihisha wenzake.

Tatizo hili si letu peke yetu, na nalisema ili asitokee mtu akadhani nawalaumu walimu wa Kusini. BODMAS, yaani MAGAZIJUTO ya Kiingereza, ambayo watoto wetu wanakutana nayo wakiingia kidato cha kwanza na wenzao wa shule za mchepuo wa Kiingereza wanaanza nayo mapema, nayo imeweka kujumlisha kabla ya kutoa, na inapotosha kwa namna ileile. Marekani wanakariri PEMDAS, ambamo kuzidisha kumetangulia kugawanya, kwa hiyo kwao hata ile nusu ya kwanza ina sumu: 36 ÷ 6 × 2 humtoa mtoto wao na 3. Neno la kukariri lolote lenye matendo manne kwenye foleni moja lina hatari hii, mpaka mtu aseme wazi kwamba foleni ni mbili.

Alama hizi hazikushuka na mvua. Alama ya sawasawa, =, ilianza kuchapishwa mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales. Msalaba wa kuzidisha ulitumiwa na William Oughtred mwaka 1631. Alama ya ÷ kwa maana ya kugawanya ilitokea kwenye kitabu cha Johann Rahn mwaka 1659. Ni watu walioziweka, na utaratibu wa kuzisoma pia ni makubaliano ya watu. Palipo na makubaliano, wenye mamlaka wana kazi ya kuhakikisha makubaliano hayo yanasomwa kwa namna moja kutoka Kilwa mpaka Nanyumbu.

Hapo nije kwenye mafumbo. Kila baada ya muda inazunguka picha kwenye simu yenye swali la mstari mmoja na maneno "wenye akili tu ndio watapata". Lililovuma duniani mwaka 2019 ni 8 ÷ 2(2 + 2). Kabla yake, mwaka 2011, lilivuma 6 ÷ 2(1 + 2). Nimeona watu wazima wanaoheshimiana wakiulizana "wewe ulisoma wapi?" kwa ajili ya swali hilo, na watoto wanasoma yote hayo kwenye simu za wazazi wao.

Upande mmoja unasema: mabano ni 4, kisha kushoto kwenda kulia, 8 ÷ 2 ni 4, mara 4 ni 16. Upande wa pili unasema: 2 iliyogandana na mabano ni kitu kimoja nayo, 2 mara 4 ni 8, kwa hiyo 8 ÷ 8 ni 1. Ukweli ni kwamba pande zote zina msingi. Mwanafunzi wa sekondari akiona 8 ÷ 2x, wengi watasoma nane juu ya 2x yote, wala hatawaza kugawanya kwa 2 halafu azidishe kwa x. Hata kalkuleta za kisayansi zimegawanyika: zipo Casio zinazotoa 1, na zipo Texas Instruments zinazotoa 16, kila kampuni kwa uamuzi wake wa jinsi ya kusoma namba iliyogandana na mabano. Hakuna iliyoharibika.

Aliyekosea ni aliyeliandika swali. Kiwango cha kimataifa cha alama za hisabati, ISO 80000-2, kinashauri hata hiyo ÷ isitumike kwa kugawanya, na pale mkwaju wa kugawanya (/) unapofuatwa na kuzidisha kinataka mabano yawekwe ili pasiwe na shaka. Shirika letu la Viwango ni mwanachama wa ISO, kwa hiyo hili si jambo la kigeni kwetu. Ukiandika (8 ÷ 2) × (2 + 2), hakuna atakayegombana. Ukiandika 8 ÷ (2 × (2 + 2)), hakuna atakayegombana pia.

Fumbo hilo lina somo moja la kweli kwa darasa, nalo ni kuhusu MA. Watoto wengi wanadhani "mabano kwanza" maana yake ni lazima mabano yafutike kabisa kabla ya kugusa kitu kingine, hivyo wanaizidisha ile 2 ya nje kwa kuamini kwamba ni kazi ya mabano. Kazi ya mabano ni iliyo ndani tu. Kinachofuata baada ya hapo ni kuzidisha kwa kawaida, na kama mtungaji ameficha alama ya kuzidisha, yeye ndiye wa kuulizwa.

Sisemi mafumbo yapigwe marufuku. Yapo mazuri. 7 + 7 ÷ 7 + 7 × 7 − 7 ni fumbo zuri sana: 7 ÷ 7 ni 1, 7 × 7 ni 49, inabaki 7 + 1 + 49 − 7, yaani 50. Lina jibu moja, linamlazimisha mtoto atembee ngazi kwa ngazi, na aliyekosea anaweza kuonyeshwa alikokosea. Hilo wekeni kwenye mtihani. Lile jingine lisiingie kwenye mtihani wa utimilifu (wa majaribio), wala wa ujirani mwema (wa shule za jirani), wala shindano la shule.

Vipeo navitaja kwa kupita tu: MAGAZIJUTO haina nafasi yake, na wanaofika kwenye vipeo vya pili huandika 2 × 3² ni 36 badala ya 18. Kwenye kipande cha MA mwalimu aongeze kwa mdomo: mabano, kisha kipeo.

Niseme pia kuhusu dukani, kwa kuwa huko ndiko watoto wanakoona hesabu ikikataa mbele ya macho yao. Mteja amechukua kilo 3 za mchele kwa 2,500 na kilo 2 za unga kwa 1,200. Hesabu yake ni 3 × 2,500 + 2 × 1,200, na jibu ni 9,900. Chukueni kalkuleta ya mezani, ile ya vitufe vikubwa iliyoko karibu kila duka, mbonyeze hivyohivyo mfululizo. Kioo kitaandika 9,002,400. Inafanya kila tendo papo hapo linapoingia: 7,500, jumlisha 2 ni 7,502, mara 1,200. Mkibonyeza vilevile kwenye simu nyingi za kisasa mtapata 9,900, kwa sababu yenyewe inasubiri mstari uishe ndipo ianze na kuzidisha. Sisi wenye maduka tunalizunguka kwa kubonyeza 3 × 2,500, M+ ya kuweka kwenye kumbukumbu, kisha 2 × 1,200, M+, kisha MR ya kuitoa jumla. Mtoto aliyetumwa na mama yake kuhakikisha chenji hajui hayo. Anaona mashine mbili, majibu mawili, anahitimisha kwamba hesabu ni mambo ya bahati.

Na hapo ndipo ilipo sababu ya kuzidisha kutangulia, ambayo sikumbuki kuisikia nikiwa shule. Bili yoyote ya maisha ni mafungu: kilo hizi kwa bei hii, na kilo zile kwa bei ile. Kila fungu linahesabiwa lenyewe ndipo mafungu yajumlishwe. Huwezi kuzijumlisha shilingi za mchele na kilo za unga. Mtoto akielezwa hivyo mara moja, kwa mchele na unga, hana haja tena ya kukariri kwa nini ZI iko kabla ya JU.

Korosho ndizo zilizonifanya nisinyamaze. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima anayepitia chama haondoki na pesa siku aliyopima. Anaondoka na karatasi, anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo ambayo makato yameshatolewa. Katikati ya siku hizo kitu pekee alicho nacho ni hesabu anayoipiga mwenyewe nyumbani, mara nyingi kwa kumwita mtoto wake anayesoma. Hesabu hiyo ikikosewa, siku atakayolipwa sawasawa ataamini ameibiwa, na siku akiibiwa hatajua.

Nichukue namba za mfano. Bei niiweke 3,300, maana huku kila mtu anaikumbuka, ndiyo bei iliyotangazwa na Serikali Novemba 2018. Makato tuseme ni 200 kwa kilo. Mkulima ana magunia sita ya kilo 80, jumla kilo 480. Mtoto anamwandikia 480 × 3,300 − 200. Kwa kanuni, kuzidisha kwanza: 1,584,000, toa 200, inabaki 1,583,800. Hesabu imepigwa vizuri lakini siyo hesabu ya mzee yule, kwa sababu zile 200 zimetoka mara moja wakati zilitakiwa kutoka kwenye kila kilo. Ilitakiwa iandikwe 480 × (3,300 − 200), yaani 480 × 3,100, sawa na 1,488,000. Tofauti ni shilingi 95,800. Mzee anakuja mezani kwangu amekunja uso, na mimi siwezi kumlaumu.

Kisha tuseme karatasi ya matangazo imeandikwa hivi: bei 3,300 − makato 200 + majaleo 40. Majaleo ni malipo ya nyongeza kwa mkulima. Hapo ndipo JU inapokuja kutudai. Watu waliomaliza la saba wanajumlisha 200 na 40, wanatoa 240, wanapata 3,060 kwa kilo. Sahihi ni 3,140. Pungufu ni 80, ile 40 mara mbili kama nilivyoeleza, na kwa kilo 480 ni shilingi 38,400 ambazo mkulima hajui kuwa ni zake. Mtu asiyejua kuwa kitu ni chake hawezi kukiulizia.

Kwa hiyo kwa Maofisa Ushirika ombi langu ni hili: kila karatasi inayobandikwa kwenye ubao wa chama, kutoka Tandahimba mpaka Liwale, iwe na mabano, na kila namba ya makato iandikwe kama ni ya kila kilo au ni ya mzigo wote. Mabano mawili na maneno mawili, basi.

Kwenu Maofisa Elimu, najua mtaala unatungwa na Taasisi ya Elimu na kwamba mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika mwaka 2024 kwa awamu. Sisubiri mtaala mwingine. Kuna mambo yaliyo mikononi mwenu hapa hapa. Mitihani ya utimilifu na ya ujirani mwema inatungwa na kusahihishwa kwenye maeneo yenu. Mnaweza kuagiza mwongozo wa kusahihisha utamke kwamba 50 − 20 + 10 ni 40, na kwamba aliyeandika 20 asipewe vema. Walimu wanakutana kwenye vituo kwa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA. Kikao kimoja cha hisabati kinatosha kupitisha MA-GAZI-JUTO pamoja na mifano ya kupima, hasa ile ambayo kutoa kuko kushoto kwa kujumlisha, maana swali kama 30 + 20 − 10 linatoa jibu sahihi hata kwa aliyeelewa vibaya na linamficha mwalimu tatizo. Wathibiti Ubora wanapopita madarasani wakague na jambo hili. Waliandike ubaoni swali moja tu, 24 − 8 + 6 − 2, wahesabu wangapi wameandika 8.

Walimu wa darasa la nne na la tano ndio wa kuanza nao. Mtoto akifika la saba na JU yake, kumtoa ni kazi, kwa sababu ameshaipata kwa vema nyingi na anaitetea. Nimebishana na vijana wa kidato cha pili waliokuwa tayari kukana salio la simu zao wenyewe kuliko kukana MAGAZIJUTO. Niliumia, kwa kuwa ni vijana wenye bidii, waliosikiliza darasani kuliko wenzao. Aliyekuwa mtoro hakuishika hiyo kanuni, anapiga hesabu ya dukani kwa akili yake na anapata.

Nitaleta ofisini kwenu, mkinipa nafasi, nakala za kurasa za madaftari kutoka shule mbalimbali, majina ya watoto na ya shule yakiwa yamefunikwa, ili mwone vema na makosa yalivyowekwa. Naomba jibu lenu kabla mitihani ya utimilifu ijayo haijapelekwa kuchapishwa, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ukishatoka na 20, watoto watakaoandika 40 watakosa maksi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, mwenye duka na karani wa chama cha msingi
Newala, Mtwara